Vuguvugu Nalo ni Kipimo

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Nikiitafakari methali hii naona walikuwa wanatuonya juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi wa siku hizi tumelisahau, yaani baina ya mgonjwa na mzima kuna mtu wa tatu, ambaye kidonda kimefunga lakini maumivu bado yapo. Huyo utamwitaje? Mgonjwa? Mzima? Ukimlazimisha achague jina moja, utamfanya mwongo bila kupenda.

Mpenzi msomaji, hoja yangu katika kurasa hizi ni moja tu. Nasema kuwa mstari unaochorwa kati ya ndiyo na la ni chombo cha kazi, si ukweli wenyewe. Tena maneno yetu ya kadiri kama vile kiasi, karibu, mno na vuguvugu si upungufu wa akili, bali ni elimu. Ushahidi wangu nitautoa kwa mashine, maana naona siku hizi watu hawakubali neno mpaka mashine iseme.

Kwanza niwaeleze nilivyoingia katika mambo haya, kwani mimi si mtu wa kompyuta. Dada yangu mkubwa alifanya mtihani wa KCSE miaka michache iliyopita, akapata C wazi. Mnajua wenyewe kuwa mlango wa shahada katika chuo kikuu hufunguliwa kwa C+. Basi pale mtaani kwetu Makongeni, Thika, neno likawa moja: ameanguka! Hakuna aliyesema amekaribia wala amebakisha kidogo. Ameanguka, kana kwamba yeye na yule aliyerudisha karatasi nyeupe ni pacha. Mama hakula siku hiyo. Dada mwenyewe alijifungia chumbani siku tatu, hata salamu akawa hataki.

Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme, na leo ana kibanda chake mjini ambapo hutengeneza mitambo ya nyumbani. Likizo ya Agosti nilikuwa nikimsaidia kushika tochi na kuokota skrubu. Siku moja akaletewa mashine ya kufulia nguo, mtumba kutoka ng'ambo. Ubavuni ilikuwa na maandishi yaliyofifia: fazi lojiki. Nikamwuliza, "Dada, hii fazi ni nini?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Ni kukadiria. Mashine hii haiulizi kama nguo ni chafu au safi. Inauliza ni chafu kiasi gani. Inapima uzito wa nguo, inamulika maji kuona yamechafuka kadiri gani, halafu inaamua ifue muda gani."

Nilinyamaza. Moyoni nilijiuliza hivi: kumbe soksi chafu zimepewa heshima ya kuulizwa "kiasi gani", na dada yangu alinyimwa heshima hiyo?

Swali hilo ndilo lililonifanya nirudi shuleni na kuanza kuchokora vitabu na kuwasumbua walimu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tangu enzi za Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, wasomi wengi wameifuata kanuni kwamba kila kauli ama ni kweli ama si kweli, hakuna katikati. Kompyuta nazo zilijengwa juu ya msingi huo: sifuri au moja, taa imezimwa au imewashwa. Kanuni hiyo imetufaa sana, sikatai. Hata hivyo, mwaka 1965 mtu mmoja aliyeitwa Lotfi Zadeh alichapisha makala iliyoitwa "Seti za Fazi". Zadeh alizaliwa Baku mwaka 1921, akasomea Tehran huko Iran, akahamia Marekani mwaka 1944, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliaga dunia mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 96.

Aliloliona Zadeh ni jambo ambalo kila mama sokoni analijua. Vitu vingi duniani havina mpaka. Alitaja mfano wa kundi la watu warefu. Je, urefu unaanza wapi? Tukisema mtu mrefu ni yule wa sentimita 180, basi wa 179 ni mfupi? Hesabu za seti tulizofundishwa darasani ni kama daftari la mlinzi pale langoni: jina lako limo au halimo. Zadeh akasema, la, tumpe kila mmoja kiwango cha uanachama kati ya 0 na 1. Wa sentimita 190 apewe 1. Wa 175 apewe, tuseme, 0.6. Wa 150 apewe 0. Hapo hakuna anayesukumwa nje ya lango kwa sababu ya sentimita moja.

Kuna wenzangu watakaosema, "Si hiyo ni uwezekano tu, ile ya kurusha sarafu?" Hapana bwana, na tofauti ni kubwa. Tuseme leo Alhamisi umeambiwa kuna uwezekano wa nusu kwamba kesho tutakula nyama. Kesho ikifika, shaka yote inakwisha: ama ipo sahanini ama haipo. Lakini ukiletewa nyama iliyoiva nusu, hata ukiitazama mpaka Jumamosi itabaki nusu-mbichi! Uwezekano hupima kutojua kwetu. Fazi hupima kitu chenyewe kilivyo.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonipa fahari. Mawazo ya Zadeh yalikaa miaka kadhaa kwenye karatasi. Mtu aliyeyashusha kutoka kwenye karatasi na kuyatia katika mtambo aliitwa Ebrahim Mamdani, na huyu alizaliwa mwaka 1942 katika nchi tunayoiita leo Tanzania. Jirani yetu! Alisomea uhandisi India, akaenda Uingereza mwaka 1966, akapata shahada ya uzamivu katika chuo cha Queen Mary, London, kisha akafundisha hapo hapo. Aliaga dunia mwaka 2010.

Yeye na mwanafunzi wake, Sedrak Assilian, walikuwa na injini ndogo ya mvuke katika maabara. Injini hiyo ilikuwa na mambo mawili ya kuongozwa: moto unaochemsha maji, na valvu inayoruhusu mvuke kupita. Kwa njia ya kawaida, mhandisi angetakiwa kwanza kuandika milinganyo migumu inayoeleza kila tabia ya injini ile. Mamdani akapita njia nyingine. Aliandika kanuni kwa maneno, kama vile fundi mzoefu angemwelekeza mwanagenzi: ikiwa mgandamizo wa mvuke ni mkubwa na unazidi kupanda, basi punguza moto sana, ikiwa umepungua kidogo tu, basi ongeza moto kidogo. Sana, kidogo, kidogo tu! Injini ikatii. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974 na 1975, na makala yao ya 1975 ilitaja lugha katika kichwa chake, kwa kuwa walichokifanya ni kuiongoza mashine kwa lugha. Hadi leo wanafunzi wa uhandisi duniani husoma njia inayoitwa kwa jina lake, njia ya Mamdani.

Ili msidhani ni uchawi, twende pamoja jikoni kwetu shuleni. Mzee wetu wa jikoni hana kipimajoto, ila uji wake haujawahi kufurika tangu nijiunge na shule hii. Tukimwomba atupe kanuni zake, labda atasema mbili. Ya kwanza: ikiwa uji ni vuguvugu, ongeza kuni nne. Ya pili: ikiwa uji ni wa moto, usiongeze kitu.

Mashine isiyojua fazi itataka mpaka. Tuiambie kwamba moto unaanza digrii 60. Basi uji ukiwa digrii 59 itatupa kuni nne ndani, na ukifika 60 itakunja mikono kabisa. Itakuwa kama mlevi kwenye korido, mara ukuta huu, mara ukuta ule. Mashine yenye fazi itasema hivi: kwa digrii 60, uji huu ni vuguvugu kwa robo, na ni wa moto kwa robo tatu. Kwa hiyo kanuni zote mbili zinapata kusema, kila moja kwa nguvu yake. Kuni nne mara robo ni moja. Sifuri mara robo tatu ni sifuri. Jumla: ongeza ukuni mmoja. Je, si ndivyo mzee mwenyewe angefanya?

Hesabu hiyo niliyoifanya ni ya mkato, inayofanana zaidi na njia ambayo Wajapani Takagi na Sugeno walichapisha mwaka 1985. Kwa Mamdani, hata jibu lenyewe huanza kama neno, kisha hutafutwa kitovu chake ili kupata namba moja. Lakini roho ya mambo ni ile ile.

Kutoka kwenye injini ile ndogo, fazi ikasafiri. Huko Denmark ilitumiwa kuongoza tanuri za saruji, kazi ambayo kabla ya hapo ilitegemea jicho la fundi anayetazama rangi ya moto. Japani ilipokelewa kwa mikono miwili. Mwaka 1987 reli ya chini ya ardhi ya mji wa Sendai ilifunguliwa, na treni zake zilikuwa zikiendeshwa na kusimamishwa kwa mfumo wa fazi uliobuniwa na Hitachi, ili abiria wasiyumbe kituoni. Kisha zikafuata mashine za kufulia, kamera na sufuria za kupikia wali. Kila nikipita Juja ndani ya matatu, katikati ya Ruiru na Thika, nikaona lango la JKUAT, hukumbuka kuwa chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani hiyo hiyo. Miaka ambayo Wajapani walikuwa wakitusaidia kujenga karakana pale Juja, wahandisi wao kwao nyumbani walikuwa wakiichukua kazi ya mtoto wa Afrika Mashariki na kuitia ndani ya treni. Sisi tulikuwa wapi?

Miaka ya 1990 Zadeh alikusanya fazi na ndugu zake wengine chini ya jina moja, ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita ukokotoaji laini. Humo mna fazi, mna mitandao ya neva inayojifunza kwa mifano kama ubongo, na mna njia zinazoiga jinsi viumbe wanavyozaana na kuchujwa vizazi hata vizazi. Wanachoshirikiana ni kitu kimoja: kukubali kwamba jibu la karibu, linalopatikana kwa wakati na kwa gharama ndogo, mara nyingi ni bora kuliko jibu kamili lisilopatikana.

Hebu sasa tutoke maabara turudi nyumbani. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita cucu, ana shamba dogo la kahawa nje ya Ruiru. Ana miti ya zamani na ana ile ya Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa walio pale pale Ruiru, ili istahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani. Msimu wa kuchuma, cucu hutupanga mistari sisi wajukuu, kila mtu na debe lake. Mwaka wa kwanza nilijiona mjanja, nikamwuliza, "Cucu, nichume zipi?"

Akasema, "Zile zimeiva."

"Zimeiva ni zipi?"

"Nyekundu."

Nikachuma nyekundu zote. Alipokagua debe langu alicheka hata akaketi chini. Kumbe kuna nyekundu inayoanza tu, ambayo bado ni ngumu ukiibonyeza. Kuna nyekundu ya damu, ambayo ndiyo yenyewe. Kuna iliyopitiliza ikaanza kuwa nyeusi. Kisha akanieleza, "Hiyo ya kuanza, kama ni mwanzo wa wiki na jua ni kali, iache, tutarudi. Kama mvua inakuja na wachumaji ni wachache, chukua ile iliyo karibu. Si unaona?" Wakati huo sikuona. Leo naona. Cucu alikuwa ananipa kanuni za fazi, zenye ikiwa na basi, zenye rangi, ugumu, hali ya hewa na idadi ya watu ndani yake, na hakuwahi kumsikia Zadeh wala Mamdani. Cucu hajui kusoma. Hapa mtaani tukitaka kumsifu mtu tunasema ana digrii. Je, aliye na kanuni hizo zote kichwani tumwite nani?

Kahawa hiyo hiyo ikishakobolewa hupangwa kwa chekeche. Punje kubwa zaidi za kawaida, zinazobaki juu ya matundu ya takriban milimita 7.2, huitwa AA. Zinazopenya huenda AB na madaraja mengine. Punje iliyokosa uzi mmoja tu imeangukia jina jingine na bei nyingine. Lakini chekeche si mwisho wa maneno. Hatimaye mwonjaji hukaa mezani na kijiko, akaonja uchachu, uzito wa kinywaji na harufu yake, akatoa hukumu kwa maneno ya kadiri. Ndiyo kusema hata katika biashara ya pesa nyingi namna hii, chekeche lina kazi yake na ulimi una kazi yake. Hakuna aliyemfukuza mwonjaji eti kwa sababu hana matundu ya milimita 7.2 mdomoni!

Najua mna pingamizi, na si haki nizifunike. Wa kwanza ni rafiki yangu mmoja mpenda hisabati, ambaye alipinga hoja yangu katika mjadala wa chama. Alisema, "Nani aliyekuambia uji wa digrii 60 ni wa moto kwa robo tatu? Umetoa namba hewani!" Hoja hiyo si ya kipuuzi. Hata wakubwa waliitoa. Rudolf Kalman, mhandisi ambaye hesabu zake zilisaidia kuelekeza vyombo vya Apollo hadi mwezini, aliyakosoa mawazo ya Zadeh hadharani mwaka 1972. Ni kweli kwamba viwango hivyo huwekwa na watu, na watu hutofautiana. Uji ulio wa moto kwangu, kwako ni vuguvugu. Jibu langu ni kuwa namba hizo hutoka kwa mjuzi wa kazi, kisha hujaribiwa na kurekebishwa mpaka mtambo utulie. Tena nami nina swali: na ule mpaka wa digrii 60 tu, nani aliyeuweka? Si mtu pia? Tofauti ni kwamba mwenye fazi anakiri kuwa amekadiria. Mwenye mstari amekadiria mara moja, kisha akajifanya kuwa mstari ulishushwa kutoka mbinguni.

Wa pili watasema: sheria itakuwaje? Nakubali kabisa. Mpiga kura ni wa miaka 18, basi. Matatu ya watu 14 ibebe 14. Sote tumewahi kupanda gari kutoka Ruiru kwenda Thika, tukamwuliza makanga kama limejaa, naye akajibu, "Bado mmoja tu, songea mama!" Yule naye ni mtaalamu wa fazi, ila amekosea mahali pa kuitumia. Pale ambapo uhai wa watu uko hatarini, au pale ambapo mwenye nguvu anaweza kuupinda ukadiriaji ili ajinufaishe, mstari mnyoofu ni kinga ya mnyonge. Sijaja kuung'oa mstari. Nimekuja kusema tusiuabudu.

Wa tatu ni wenzetu wa Chama cha Kikristo, ambao watanikumbusha kwamba watu vuguvugu walikemewa vikali katika Maandiko. Jamani, hayo yalihusu moyo wa mtu. Mimi nazungumzia uji!

Sasa narudi kwa dada yangu, maana ndiye aliyenishikisha kalamu. Nilidhani nitaandika kuilaumu C+. Nilipochunguza nikakuta mambo ni tofauti. Mwenye C wazi huruhusiwa kusomea stashahada, na kutoka hapo kuna njia ya kuendelea hadi shahada. Mwenye alama za chini zaidi ana njia ya cheti. Kwa hiyo hata wakubwa waliopanga mambo waliweka ngazi, yenye vidato vingi. Ni sisi, kwa midomo yetu, tuliogeuza ngazi ikawa ukuta. Sisi ndio tuliochukua neno moja, ameanguka, tukalitundika shingoni mwa msichana aliyebakiza kidato kimoja. Chekeche halikumwumiza dada. Kilichomwumiza ni kwamba baada ya chekeche hakuna aliyeonja.

Wadogo zetu wa mtaala mpya husemekana kuwa wamezidi matarajio, wamefikia, wanakaribia, au wako chini ya matarajio. Ni vizuri kusikia neno kama "wanakaribia" katika ripoti ya shule. Lakini nawaomba walimu wetu waangalie sana. Neno nalo laweza kuwa ukuta. Kama "anakaribia" litasomwa mtaani kama "ameanguka", basi tutakuwa tumebadilisha kanzu tu, shetani ni yule yule. Fazi si kutumia maneno badala ya namba. Fazi ni kuuliza kiasi gani, halafu kulifanyia kazi jibu. Mwanafunzi aliyekosa kidogo asaidiwe kidogo, aliyekosa sana asaidiwe sana, kama ule moto wa Mamdani.

Kuna jambo moja zaidi, na hili lawahusu hasa wanachama wa Chama cha Kiswahili. Leo kila mtu anazungumza juu ya akili bandia. Mitambo inayovuma sasa ni wajukuu wa ile mitandao ya neva, nayo hujifunza kwa kumeza maandishi na picha kwa wingi usiosemeka. Ina uwezo wa ajabu, lakini ukiiuliza kwa nini imeamua hivi, mara nyingi hata walioiunda hutatizika kueleza. Kanuni za fazi zina fadhila nyingine: zinasomeka. Mzee wetu wa jikoni anaweza kuonyeshwa kanuni ya pili akasema, "La, hapo mmekosea, andika kuni mbili." Mtambo ambao mpishi anaweza kuusahihisha kwa lugha yake mwenyewe si mtambo wa kudharauliwa hata kidogo.

Na lugha hiyo kwa nini isiwe Kiswahili? Tazama utajiri tulio nao. Embe ni changa, bichi, pevu, bivu, hatimaye bovu. Maji ni baridi, vuguvugu, moto. Siku ina alfajiri, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo, magharibi. Tuna kiasi, kidogo, haba, tele, mno, ajabu. Tunasema jekundu, jekundu kiasi, jekundu pyu. Nyeupe pe, nyeusi tititi. Lugha yenye pyu na pe na tititi haihitaji kufundishwa maana ya kiwango cha uanachama!

Kwa sababu hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza, tukutanapo muhula ujao tujadili jina. "Mantiki ya fazi" ni neno la kukopa, na kukopa si aibu, lakini mimi napendekeza "mantiki vuguvugu". Atakayekuja na bora zaidi nitamwinulia mikono.

La pili ni zito zaidi. Kila mwanachama, likizo hii, aende kwa mtu mmoja mwenye elimu ya mikono: mchuma kahawa, mwashi, mshonaji, fundi wa magari pale jua kali mjini Thika, mama wa maziwa kule Ruiru. Amsikilize na aandike kanuni 10 za kazi yake, kwa Kiswahili, kwa mtindo wa ikiwa na basi, bila kuyafuta maneno yake ya kadiri. Tukiwa wanachama 30 tutarudi na kanuni 300. Tuziweke katika daftari moja maktabani. Siku moja mwanafunzi wa hapa akienda kusomea uhandisi, atakuta cucu wetu wameshamwandalia kazi. Mimi nitaanza na cucu, na naahidi kuandika jina lake juu ya ukurasa kama mwandishi, kwa sababu kanuni ni zake.

Ukurasa wa pili nimemwachia dada. Nilipomwambia kuhusu makala hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika kwamba nilikaribia." Nimeandika, dada. Ulikaribia, tena sana.